Ufunguo Mdomoni mwa Mzee

Theo, acha unachofanya usome hii.

Unajua tunavyomcheka mzee wangu kwamba hafungi mlango wa choo? Leo mezani, tumetoka misa, kasema sababu. Wali umenishinda.

Mwaka 1979, kiwanda cha mafuta ya pamba, Shinyanga. Mzee fundi bomba, kaingia ndani ya tangi la kupikia mbegu kukwangua ukoko. Desturi yao, kabla hujaingia unafunga koki ya mvuke kwa mnyororo na kufuli lako, unaingia na ufunguo. Yeye kaubana kwa meno.

Sasa Theo, ufunguo uko mdomoni. MDOMONI! Na anasikia kufuli huko nje linafunguka, ta!

Mnyororo huo unaporomoka. Pa kutokea ni tundu moja tu, juu ya kichwa. Kautema ufunguo, anagonga bati kwa nyundo, "Bebe, wewe Clemens, nimo humu!"

Clemens, fundi mwenzake, kachungulia, uso umemsawijika. "Nilijua umeshatoka. Nimejaribu ufunguo wa nyumbani kwangu, ukakubali."

Wa nyumbani kwake! Wote walinunua kufuli dukani kwa Jashvant, mtaa wa Ngokolo, boksi moja. Kumbe boksi zima ufunguo mmoja.

Nikamwambia, mzee, hayo ya zamani, kufuli za siku hizi si kama zile. Kachukua ufunguo wa geti langu, katoka nao.

Namwona dirishani, yuko kwa jirani.

Theo, geti la jirani limefunguka.