Usimwite Zaina

Mama Zaina,

Niko Tanga. Nimekaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, na Zaina yuko ndani. Naandika kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Siwezi kukaa bure. Salamu sijui huko zinafikaje. Pokea hizi.

Mwanao ana mimba ya kwanza. Mumewe yuko Mererani anachimba mawe ya buluu, toka aende hajaleta neno. Nesi wa kambi yetu ya mkonge alimpima Zaina akasema huyu nyonga zake ndogo, asizalie hapa, mpeleke Tanga mapema akae karibu na hospitali. Nikasikia nyonga ndogo, nikakuona wewe. Dada yako wa Handeni ndiye angekuja naye, lakini mguu umemvimba, hatembei. Nikaja mimi.

Mambo yamebadilika. Shamba la mkonge limeuzwa, wakataji wengi tumeachishwa. Wewe ulikufa sabuni inapangiwa foleni. Siku hizi maduka ya Tanga yana sabuni za kila rangi, na hospitali unakwenda na glavu zako na wembe wako. Asubuhi nabeba marobota ya mitumba sokoni. Nalala barazani kwa Mshambaa mmoja muuza kabichi, halipishi, ila namfagilia uwanja. Zaina analala kwenye banda la wajawazito wanaosubiri, ndani ya uzio wa hospitali. Tulidhani wiki moja tu. Mwezi umeandama, umeisha, tuko hapa hapa.

Chakula tunapika nyuma ya banda, kwenye mafiga. Wote wanawake, mwanaume mimi peke yangu. Kuna mama mmoja wa Pangani, Mama Kombo, alikuja na binti yake. Siku ya kwanza alichungulia sufuria yangu akasema, "Baba Zaina, huo ugali au unafyatua tofali?" Wakacheka wote. Zaina naye akacheka, akaficha uso kwa khanga. Sikuwa nimemwona akicheka toka mumewe aondoke. Kesho yake nikaupika mgumu makusudi.

Bahari tumeiona mara moja, Jumapili, kwa sababu ni bure. Maji yanaondoka, yanaacha tope, halafu yanarudi. Sikuipenda. Zaina alitaka kutia miguu, nikamwambia turudi.

Sasa nikwambie. Kwetu baba haulizi tumbo la binti yake. Unajua. Neno la tumbo linapita kwa mama, kwa shangazi. Hapa likawa linapita kwa Mama Kombo. Namuuliza yeye, anamuuliza Zaina, ananiletea jibu: amelala vizuri, mtoto anacheza. Mimi na Zaina tunaongea bei ya dagaa. Halafu binti wa Mama Kombo akajifungua salama, wakarudi kwao. Langoni akaniambia, "Haya shemeji, mdomo unao, sasa utumie."

Sikuutumia. Nikawa naleta uji, naangalia chini, naondoka.

Leo asubuhi nimemkuta ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Jasho linamtoka. Nikasema, "Umeamkaje?" Akasema, "Si kitu, baba."

Mama Zaina, hayo ni maneno yako. Siku ile ya kumzaa mdogo wake Zaina, kambini wazee wa kike wamesimama mlangoni, mwanaume hapiti, nakuita dirishani, unajibu si kitu, nenda kakate mkonge wako. Jioni nikakuta mtoto analia na wewe uko kimya. Halafu naye akanyamaza.

Nikasimama na sufuria ya uji. Aibu niliogopa, lakini hilo jingine niliogopa zaidi. Nikachuchumaa mbele yake nikasema, "Zaina, leo mama yako ni mimi. Tumbo linauma?"

Akafunika uso. Banda zima likageuka kututazama. Akasema, "Toka jana mchana."

Nikamshika mkono mpaka kwa nesi. Nesi akampima, akaita daktari. Mtoto amekaa upande. Wakamwingiza haraka.

Nimesikia mtoto analia. Mlango haujafunguliwa. Kwako pia kilio kilitangulia. Naacha kidogo, nisikilize mlangoni.

Naendelea. Nesi alitoka akasema, "Mzee, hongera, msichana." Nikasema, mama yake? Akasema, "Njoo umwone, mzuri huyo." Nikasema, mama yake? Akasema amelala, ni dawa. Dawa sikuiamini. Nikakaa mlangoni mpaka wakachoka kunifukuza, wakaniacha niingie.

Jua limepinduka ndipo akafumbua macho, akanitafuta. Nikasogea nikangoja lile neno lako. Naliogopa kuliko damu.

Akasema, "Baba, inauma. Inauma sana."

Nikatoka mbio kumwita nesi. Nesi akanitazama. "Mzee, mwenzio anaumwa, wewe unacheka?" Sikujua kama nacheka.

Bado naogopa. Wanasema homa imepanda kidogo, tusubiri tuone. Wananiuliza jina la mtoto, nawaambia bado. Jina ni lako, lakini sitalitaja hapa. Usije ukadhani umeitwa, ukaja. Likae kwanza.

Zaina nitamuuliza kila siku inauma wapi, mbele ya watu, wacheke wakitaka. Huyu mdogo akianza kusema nitamfundisha kusema inauma kabla ya shikamoo. Arobaini ikifika, tukiwa wazima, tutakuja kaburini kwako. Nitafyeka nyasi, nitampakata mtoto, jina nitalitaja huko huko ukiwa unasikia.

Wewe lala, Mama Zaina. Usimwite Zaina. Tutakuja wenyewe.

Mimi,
Baba Zaina