Moyo Wangu Unakwenda Mbio, Mume Wangu Anadhani ni Mapenzi

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie upesi. Naandika nikiwa nimejibanza stoo ya unga kazini kwangu kwa sababu nyumbani sina pa kujificha, mume wangu ananifuata hata jikoni, na silalamiki, napenda mno kufuatwa. Tumeoana juzijuzi tu, viatu vyetu bado tunavipanga pamoja mlangoni kama vya kupigwa picha, yeye ni fundi vigae, mikono yake imekauka kwa saruji lakini akinigusa shavu naona kama pamba, na kila nikiamka bado siamini kwamba mtu huyu ni wangu.

Sasa mshauri, mume wangu ni mtu wa mazoezi, na mimi kwa kutaka kuwa naye kila dakika nikajiunga na jimu yake, tunakwenda alfajiri kabla ya kazi, mimi na chai kavu tumboni, lakini mimi ni mpambaji wa keki, nasimama kutwa, basi nikinyanyua vyuma kidogo tu pumzi imekata, naye akanitania mbele ya wenzake, "Mke wangu mzuri, ila betri yake inawahi kuisha," wakacheka, nami nikacheka, lakini lilinichoma. Ndipo Kocha wa pale jimu akatupeleka kwenye kabati lake la makopo akasema tunahitaji amino asidi, ndizo zinazojenga misuli na kuleta nguvu, akatuonesha kopo la unga mweupe usio na ladha, mume wangu akachukua hilo, kisha Kocha akatoa vidonge vikubwa ungedhani ni vya ng'ombe, na la tatu jekundu lenye alama ya radi, ladha ya nanasi. Nikauliza tofauti yake nini. Kocha akasema, "Dada, amino ni amino, hapo unachagua ladha tu." Nikachagua la radi, na mume wangu akalifunga utepe akanikabidhi kama zawadi ya harusi nyingine.

Nguvu zilikuja kweli, nilikimbia kwenye ile mashine mpaka Kocha mwenyewe akaja kutazama, nikaona kama kijiko kimoja cha alfajiri kinanifanya hivi, cha pili mchana kitanifikisha nyumbani nikiwa mchangamfu, nikawa nakunywa na kazini bila kumwambia mtu. Basi jioni tukiisha kula tunakaa kwenye kochi, mume wangu ananilalia kifuani, na siku ya kwanza alinyanyua kichwa akasema, "Mke wangu, mbona ngoma hii? Muda wote wa uchumba sikuwahi kukupigisha moyo namna hii." Mshauri, alifurahi mpaka macho yakamlenga, akawahadithia ndugu zake, wifi yangu akanipigia simu, "Wewe, kaka yangu umempa nini? Kila anayekutana naye anasimuliwa moyo wako." Na mimi nilikuwa nimeshajua kwamba si mapenzi peke yake, kwa sababu unakwenda hivyo hata nikiwa peke yangu nakoroga sukari.

Nilijaribu kuacha. Siku hiyohiyo jioni mume wangu alinisikiliza kifuani, akauliza taratibu, "Leo umetulia. Nimekukosea nini?" Kesho yake nikarudia kijiko.

Wiki hii mikono imeanza kutetemeka, nilikuwa naandika jina la mtoto kwenye keki, krimu ikapinda, bosi wangu akaitazama akaniuliza, "Hili jina limepanda pikipiki?" Jana nikaona giza nikajishika kwenye meza ya kukandia, wenzangu wa kazini wakadhani nimeteleza. Usingizi siupati, nalala nasikiliza mapigo, mara yanaruka moja, nasubiri lile linalofuata. Na jambo ambalo mume wangu halijui, mama yangu mdogo aliyenilea alianguka ghafla akianika nguo, akafariki bado kijana kabisa, wakasema ni moyo. Namtazama mume wangu akinichagulia kipande kikubwa cha samaki, nawaza nitamwachaje mapema hivi. Je, nihamie kwenye vidonge? Au nivumilie mwili uzoee, kama anavyosema Kocha? Na moyo ukitulia, nitamwambia nini?

Mimi, Mke Mpya Mwenye Hofu

Mke mpya,

Barua yako imejaa mume, na habari kubwa kuliko zote umeitupa mwishoni kabisa, baada ya keki. Mama yako mdogo alifariki kwa moyo akiwa kijana, wewe wako unakwenda mbio, unaruka mapigo, umeona giza, halafu unaniuliza uchague kopo lipi. Huchagui lolote. Ukishasoma hapa, vua aproni, muage bosi wako, nenda hospitali leo hii, usiende peke yako. Kifua kikibana, pumzi ikipungua au ukizimia, hiyo ni dharura, wakukimbize.

Umeogopa, na safari hii hofu yako ina akili kukuzidi. Isikilize.

Amino asidi ni vipande vinavyounda protini, na unavila kila siku kwenye mayai, maharage, samaki na maziwa. Vipande hivyo peke yake kwa kawaida havimtetemeshi mtu mkono. Lakini makopo yanayouzwa kwa jina la nguvu mara nyingi huchanganywa na kafeini, ileile ya kahawa, tena nyingi, na pengine vichangamshi vingine. Geuza kopo usome maandishi madogo ya nyuma, siyo radi ya mbele. Mimi sijaliona, kwa hiyo siwezi kuapa. Libebe umpe daktari, umweleze na kijiko cha pili cha siri, lakini la mama yako mdogo ndilo litangulie. Omba upimwe umeme wa moyo. Na kwa kuwa mnafuatana hadi jikoni, wakitaka kupima ujauzito usione haya.

Kocha anajua vyuma. Siku ile alikuwa anauza. Dalili kama hizi hazivumiliwi mpaka mwili uzoee, na mtu mwenye moyo kama huo katika ukoo wake hajaribu. Usinywe tena hata nusu kijiko, na jimu usikanyage mpaka daktari aseme. Akikuruhusu, anza kwa kulala na kula. Unanyanyua vyuma kwa chai kavu, betri isiishe ina nini?

Sasa mumeo. Mpigie simu umwambie yote, akukute hospitali na saruji yake mikononi. Alikutania, hakukuomba uugue ili apate cha kuwasimulia ndugu zake. Umempa sifa ambayo si yake na umemnyima hofu ambayo ni yake. Atajisikia vibaya kwa ule utepe, mwache ajisikie, ni mtu mzima.

Na mkirudi nyumbani salama, mlaze kifuani palepale. Akisema umetulia, mwambie huu ndio moyo uliomkubali alipokuja kuposa, ule mwingine ulitoka kwenye kopo. Kisha geukeni, na wewe usikilize wa kwake. Ukiukuta unakwenda mbio, huo haukunywa kopo la radi.