Kamba kwa Mwenyekiti, Plagi kwa Mzee Ngonyani

Mpitimbi, Songea
Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na Baba mpe shikamoo yake, umwambie kwa sauti maana najua sikio lake la kushoto limezidi kugoma. Natumaini magoti yako yametulia na ile dawa ya kuchua inasaidia. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku mwezi huu inaingia mpaka kwenye meno. Kisicho kizima ni moyo. Nina hasira, Mama, na nimeamua kuiandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Ungesema "samehe mwanangu" kabla sijafika hata katikati. Kaa usome mpaka mwisho, na ukifika kwenye habari za mashine umsomee Baba, maana hapo ndipo patakapomfurahisha.

Kijiji hiki kina jenereta. Ni dogo, la kubebwa na watu wawili, la Kijapani, liliachwa na wajenzi wa daraja kabla mimi sijazaliwa. Kamba yake haikushikizwa kwenye mashine. Unaizungusha mwenyewe kwenye gurudumu, unavuta, inabaki mkononi mwako, kama ile mashine ya pampu aliyokuwa akiihudumia Baba kule shamba la mkonge. Umeme wa nguzo tunao, lakini unakatika unavyotaka, kwa hiyo jenereta ndilo linaloendesha vipaza sauti vya mikutano na mashine ya shule ya kuchapia mitihani.

Sasa sikia utaratibu wao. Kwa kuwa hakuna anayemwamini mwenzake, waligawana viungo. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Gama, anakaa na kamba. Katekista anakaa na petroli. Plagi, ile ya kutoa cheche, inafunguliwa kila baada ya kazi na kupelekwa kwa Mzee Ngonyani, anayeiweka kwenye kopo la kahawa juu ya kabati lake. Hivyo hakuna atakayeliwasha kwa siri achajie watu simu. Ukilihitaji unazunguka nyumba tatu kama mchangishaji wa harusi. Siku ya kwanza nilipoambiwa nilicheka. Mzee Ngonyani unamjua. Ndiye mwenye nyumba wangu, uliyezungumza naye kwa simu nilipohamia ukamkabidhi mimi.

Mwezi uliopita nilichapa mtihani wa majaribio wa darasa la saba. Jenereta lilinguruma asubuhi nzima bila kukohoa. Nilipomaliza nikafungua plagi, nikaisugua kwa msasa kama Baba alivyonifundisha, nikamrudishia Mzee Ngonyani mkononi. Kamba kwa mwenyekiti, dumu kwa katekista. Wiki mbili baadaye wakawa na mkutano mkubwa. Diwani kaja, watu wamejaa, umeme hakuna. Jenereta likavutwa mpaka viganja vya vijana vikachubuka, wapi. Diwani akahutubia kwa koo lake mwenyewe, akaondoka sauti imemkauka. Aibu ile ilihitaji mtu wa kuibeba, na aliyelitumia mwisho nilikuwa mimi.

Wakaleta fundi kutoka mjini. Akashuka kwenye bodaboda, akavuta kamba mara tatu, hakufungua hata skrubu moja, akasema ringi za pistoni zimekwisha, limelishwa mafuta ya taa. Basi, hukumu imetoka. Kesho yake Mwalimu Mkuu akaniita ofisini na karatasi imeshachapwa: mimi Mwalimu Zuhura nakiri kuharibu mali ya kijiji kwa uzembe. Nisaini, nakala moja iingie kwenye faili langu, nyingine iende wilayani. Mama, unajua jina langu limo kwenye orodha ya wanaosubiri kupandishwa daraja. Karatasi ile ikifika wilayani jina linakatwa, na kila shule nitakayohamia itanipokea kama mharibifu. Nikamwambia sisaini kabla jenereta halijafunguliwa mbele ya watu. Akaniambia nisiwafanye wao waonekane wabaya. Yaani nisingiziwe, halafu nikikataa mbaya ni mimi.

Jioni ile Mzee Ngonyani alinikaribisha kula na mkewe. Akanisogezea paja la kuku, lile ambalo huku hapewi mtu hivihivi, akasema kwa upole, "Kubali yaishe, mwanangu. Watu wa huku wakishasema, wamesema." Sitakuficha, nilikaribia kusaini. Si kwa woga, ni kwa heshima yake. Nililala nikijiona mkaidi, nimemkatalia mzee aliyenifanya mtoto wake.

Jana Jumamosi kamati ya kijiji ikakubali nilifungue, ikakaa chini ya paa la ghala la mahindi, na watu wengine wakaja kutazama, maana habari ya mwalimu kupekua injini ilishazagaa. Kuna mama mmoja aliuliza kwa sauti kama kwetu Muheza wanaume wamekwisha. Nikakukumbuka wewe, uliyekuwa ukinifukuza karakanani ukisema binti wa kunuka petroli atakosa mume. Mume bado, Mama, lakini petroli imenifaa.

Hapa msomee Baba. Nilianza na mafuta, kwa sababu ndiyo shutuma yenyewe. Nikafungua skrubu ya chini ya kabureta, nikakinga kikombe, petroli ikashuka safi. Nikampa katekista anuse, akanusa, akakiri si mafuta ya taa. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili: imejaa, rangi nzuri. Nikafungua plagi, nikaziba tundu lake kwa kidole gumba, nikamwomba mwenyekiti avute kamba. Upepo ukanisukuma kidole mpaka kikaachia. Nikawaambia mashine yenye ringi zilizokwisha haina nguvu hiyo. Mwenyekiti hakuamini, akaweka kidole chake mwenyewe, nikavuta mimi, akakitoa haraka akikitazama.

Ikabaki cheche. Nikachomeka plagi kwenye waya wake, nikaigusisha kwenye chuma cha injini, kamba ikavutwa. Hakuna cheche, hata ya kudanganyia. Ndipo nikaitazama vizuri plagi yenyewe, ile aliyoitoa Mzee Ngonyani kwenye kopo asubuhi ile mbele ya wote, na Mama, damu ilinipanda kichwani. Haikuwa ile niliyoisugua. Nikaifuta kwa leso yangu nyeupe, leso ikatoka na masizi mazito ya oili. Jenereta hili petroli yake haichanganywi na oili. Masizi ya namna ile ni ya mashine inayokunywa vyote viwili pamoja. Kisha nikachokoa nyuzi za plagi, pale inapokazwa, kwa sindano, likadondoka kiganjani mwangu vumbi la mbao, la paina, bado linanukia utomvu.

Hapakuhitajika ramli. Kijiji kizima kinajua ni nani mwenye chensoo, ule msumeno wa mafuta unaopasua mbao za watu kuanzia hapa mpaka Madaba, na kijiji kizima kinajua kopo la plagi liko juu ya kabati la nani. Nikasema, "Jenereta hili halijawahi kupasua mbao." Mwenyekiti akaagiza chensoo iletwe. Mzee Ngonyani alikuwa akiigeuzageuza kofia yake mikononi. Plagi iliyokuwa ndani ya chensoo ilikuwa ile yangu, mikwaruzo ya msasa bado inaonekana. Nikaifunga kwenye jenereta, nikazungusha kamba, nikavuta. Mara ya kwanza likapiga chafya. Mara ya pili likawaka.

Unajua walifanya nini? Walilipigia makofi jenereta. Hakuna aliyenigeukia akasema samahani, mwalimu, tulikukosea. Mwalimu Mkuu alikuwa akiikunja ile karatasi aiweke mfukoni "kwa kumbukumbu," nikamnyang'anya, nikaichana vipande vidogo mbele yake, na akitaka kuniandikia kwa utovu wa nidhamu na aandike. Halafu mwenyekiti, bila haya, akapendekeza plagi iendelee kukaa kwa Mzee Ngonyani kwa kuwa sasa amejifunza. Na mikono ikaanza kunyooshwa! Nikawaambia plagi imefungwa kwenye mashine na haitafunguliwa tena. Atakayeitaka aje aifungue mchana watu wakiona. Wakanung'unika, lakini mpaka leo asubuhi ipo.

Tuliporudi nyumbani tuliongozana njia moja, maana nyumba ni moja. Nilimuuliza kwa nini. Hakuzunguka. Alisema chensoo iliharibika plagi akiwa na mbao za watu, akaazima hii kwa siku mbili, mkutano ukamkuta. "Wewe ni mtu wa kuhamishwa," akaniambia. "Ungeondoka, na maneno yangeondoka nawe. Mimi nitazikwa hapa." Alilisema kwa utulivu kabisa, kama mtu anayenieleza jambo la haki. Hilo ndilo linaloniuma kuliko plagi. Lile paja la kuku alilonisogezea, alikuwa ananiaga.

Naomba unisalimie dada yangu Mwanahamisi na mumewe, umwambie kitenge alichotaka nimekipata. Msalimie shangazi mwuza mihogo, na mjomba aliyenipeleka stendi siku ile nikilia. Bibi mwambie dua zake zinanifikia. Na Baba mwambie kidole gumba kingali kinafanya kazi yake.

Nilitaka kufunga hapa, lakini sijakuambia kwa nini nimeandika leo. Leo baada ya misa Mzee Ngonyani alibisha mlangoni kwangu akiwa bado na koti lake la kanisani. Nilidhani amekuja kuniomba radhi. Hakuniomba radhi. Ameniomba jambo moja tu, nisiwaandikie nyinyi. Alisema, "Mama yako akipiga simu ananiita kaka. Nisingependa aache." Nikamwambia asubiri kidogo, nikaingia ndani, nikashika kalamu. Bado amekaa barazani, nasikia anavyokohoa. Nikishaifunga bahasha hii nitatoka nayo mkononi, aione.

Ni mimi binti yako usiyemweza,
Zuhura