Kukimbia Nyuma ya Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti
Nimekimbia hadi kiwanda cha chai na kurudi kabla jirani hajafungulia kuku. Ukungu. Matope hadi magotini. Mbwa wa kijiji kizima wamenibwekea. Mlima wa mwisho nimeupanda bila kutembea, mara ya kwanza tangu nianze mazoezi. Kisha nikaoga, nikavaa rinda, nikabeba kikapu nikaenda kuchuma chai kama mwanamke mwenye akili zake.

Zile mbio za kila mwaka za mji wa Kisii ni mwisho wa mwezi. Miaka yote nimesimama kando ya barabara kupiga makofi. Mwaka huu nimejiandikisha. Shuleni hakuna msichana aliyenishinda, kisha nikaolewa, basi. Nataka kujua kama miguu ile bado ni yangu. Nataka kumaliza bila kutembea hata kidogo.

Jumamosi, 9 Agosti
Kanisani, kwenye ibada ya Sabato, wametangaza waumini watakaokimbia. Nikatajwa mimi. Kisha akatajwa baba mkwe.

Tata, ndivyo tunavyomwita baba! Daktari alimwambia atembee kwa sababu ya presha, naye akaona kutembea ni mambo ya wagonjwa. Watu wakasema amina. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Jumapili, 10 Agosti
Usingizi haukuja vizuri. Kwetu mke wa mtu na baba mkwe wake hawazoeani. Tata hajawahi kuingia nyumba yangu. Hatujawahi kupeana mkono. Akitaka kuniambia jambo humwambia ng'ombe, nami nikiwa karibu. “Huyu leo atalala njaa,” atasema, na mimi nitakwenda kukata nyasi. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima yetu, na sijawahi kuilalamikia. Ila sasa nitapitaje mbele yake na taiti, nahema, jasho limenishikisha nguo mwilini?

Makori, mume wangu, anafundisha Marani na huja wikendi tu. Ameniambia nimwachie mzee, nikimbie mwaka ujao. Alisema hivyo huku anakula ndizi. Nilitamani kumnyang'anya ile ndizi.

Jumatano, 13 Agosti
Sikukimbia. Jana pia. Nimenuna.

Ijumaa, 15 Agosti
Mama mkwe amekuja na chinsaga kwenye ungo. Akaketi jikoni, akaanza kuchambua mboga, hata habari hakuuliza.

“Mzee anauliza kwa nini mbwa hawabweki tena asubuhi.”

Kumbe mzee alijua. Siku zote alijua, akanyamaza.

“Amesema atakuwa mbele,” akaendelea. “Hatageuka nyuma hata aitwe na mchungaji. Wewe fuata.”

Nikalia. Mama akasogeza ungo wake. Akasema nisilie juu ya mboga, chumvi ataweka mwenyewe.

Jumatano, 20 Agosti
Shukrani imeisha. Nimemwona Tata kwa mbali, kule bondeni, akifanya mazoezi yake. Koti, gambuti, fimbo kwapani. Kobe angemsubiri.

Yeye mbele, mimi nyuma, na kumpita siwezi. Nikimpita nitakuwa nimemwonyesha yote ambayo tumeyaficha tangu niolewe. Kwa hiyo nimeruhusiwa kwenda kutembea mjini na nambari kifuani. Najua amenifikiria kuliko hata mwanawe. Bado nina hasira.

Jumapili, 24 Agosti
Uwanja ulijaa. Wanafunzi, masista, manesi, wenye maduka na watoto wao. Tata alisimama mbele kabisa: suruali ndefu iliyopigwa pasi, raba mpya, kofia nyeupe. Nikaacha kundi la manesi katikati yetu. Honi ikalia, wote wakaondoka. Mimi nikaifuata kofia nyeupe.

Pale mtaa wa Daraja Mbili wauza ndizi walikuwa wakigonga sufuria. Watu wakanipita. Msichana mmoja alinipita huku akijipiga picha na simu. Miguu ilikuwa inawasha kwa kuzuiwa. Naandika ukweli kwa kuwa hakuna atakayesoma: pale nilimchukia yule mzee, na mwendo wake, na kofia yake.

Mlima wa Nyanchwa ulipoanza, akasimama. Nikasimama na mimi. Nikadhani ni presha. Ningemshikaje akianguka? Nani angenilaumu, na nani angenisamehe?

Hakuanguka. Alitoka barabarani taratibu, akaenda kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi, akageukia ukuta. Pua ilikaribia kugusa rangi. Mikono nyuma. Mama wa Kihindi mwenye duka alikuwa nje akigawa maji.

“Mzee, leo tumefunga!”

“Najua, mama. Nasoma tu.”

Ukuta ule haukuwa na hata herufi moja.

Ndipo nikaelewa. Nikaenda. Nilipita mgongoni kwake mbio, nikaushika mlima, nikawapita manesi, nikawapita masista, nikampita yule wa simu. Kifua kiliwaka moto. Nilikuwa nalia na kucheka. Sikutembea. Hata hatua moja sikutembea.

Wakanivisha medali iliyochongwa kwa yale mawe laini ya kule Tabaka, nzito, baridi shingoni. Nikajifunga leso haraka na kujificha nyuma ya hema. Tata aliingia karibu wa mwisho, anatembea, kofia mkononi, anapungia watu kama mheshimiwa. Nilimshangilia hadi sauti ikakauka. Hakugeuka kutafuta ni nani.

Jumanne, 26 Agosti
Mvua. Nyonga zinauma, ngazi za kanisa zingenishinda leo. Nimechuma chai kidogo tu.

Jioni nimepeleka nyasi zizini. Tata alikuwa huko, amesimama upande wa pili wa ng'ombe, medali ikichungulia ndani ya koti. Tukasalimiana kwa mbali kama kawaida. Nikaweka nyasi chini. Akamkuna ng'ombe shingoni kwa muda.

“Mwaka ujao nitaanzia nyuma kabisa,” akamwambia. “Ule ukuta nimeshaumaliza kuusoma.”

Ng'ombe akaendelea kutafuna.

“Amesikia, Tata,” nikasema, nikarudi kuwasha moto.