Mkanda Mwekundu Kwenye Picha ya Msitu

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo kiwandani, katikati ya kelele za misumeno na vumbi la mbao. Natumaini mgongo umeacha kukusumbua na shemeji naye hajambo. Sisi huku tu wazima, isipokuwa mimi sauti imenikauka kwa kubishana, na hiyo ndiyo habari yenyewe. Najua hupendi barua ndefu. Wewe husema mwalimu wa sanaa kama mimi akishika kalamu ni bomba limefunguliwa. Leo nivumilie, kwa sababu jambo hili linakuhusu.

Mwezi huu niliteuliwa kuwa mmoja wa waamuzi watatu wa maonyesho ya picha za kompyuta kuhusu mazingira. Mwenzangu mmoja ni mpiga picha mstaafu, na mwingine ni mama wa shirika la mazingira tunayemwita Bi Kijani, maana hata mkoba wake ni wa kijani. Picha zililetwa kwa namba tu, bila majina, zikaonyeshwa ukutani kwa projekta katika chumba kilichofungwa mapazia. Nyingi, nikwambie ukweli, zilinichosha: dunia inalia machozi, dunia inakohoa, dunia imefungwa bandeji. Bi Kijani alianza kusinzia, nami nikamwonea wivu.

Kisha ikaja moja, Bi Kijani akafumbua macho.

Ngoja nikueleze ilivyopangwa. Ni picha pana. Sehemu yote ya chini ni visiki, safu kwa safu, rangi ya majivu. Upande wa kulia na katikati imesimama miti michache mirefu, mwanga wa asubuhi ukipenya kutoka nyuma yake. Kila mti umezungushiwa mkanda mwekundu usawa wa kifua, na hiyo ndiyo rangi pekee yenye joto katika picha nzima. Aliyeichora anajua kazi. Jicho linaruka kutoka mkanda hadi mkanda, likishuka taratibu kuelekea kushoto, mpaka linamfikia mwanamume aliyeinama kwenye mti wa mwisho, ametupa mgongo. Hakuna aliyekulazimisha, lakini huna njia nyingine ya kupita. Jambo hilo nimelifundisha miaka yote na sijawahi kulifanya vizuri namna ile.

Hiyo ni kwa mbali. Ukisogea, unaona kila kisiki kimejengwa kwa picha ndogondogo za vitu vya mbao, maelfu kwa maelfu: vitanda, milango, madawati, miiko, hata majeneza. Kaka, mwili ulinisisimka. Wengine wote walituonyesha mkataji miti kama adui aliyetoka mahali pengine. Huyu anasema msitu haukupotelea mbali, umo majumbani mwetu, usiku tunaulalia. Hamtukani mtu, ila hamwachi yeyote nje. Mpiga picha mstaafu alisogeza kiti mpaka pua yake ikakaribia kugusa ukuta.

Ndipo tukaanza kuichambua, na mdogo wako akajitia ujuzi. Nilisimama, nikasafisha koo, nikawaeleza kwamba mkanda mwekundu ni hukumu ya kifo: miti ile imeshawekewa alama, na yule bwana anamalizia kazi yake. Nikawaonyesha matone mekundu yaliyomtiririka kwa nyuma ya suruali, kuanzia kiunoni hadi kisiginoni. Nikasema hiyo ni damu ya msitu, mkosaji amechafuka nayo bila habari. Bi Kijani aliandika kila neno. Nilijiona mtu kweli kweli.

Nikaomba picha ikuzwe ili niwaonyeshe msumeno. Msumeno haukuwapo. Mkononi, tena mkono wa kushoto, alishika brashi, na kopo la rangi lilikuwa linaning'inia kiunoni, kwa nyuma. Kaka, duniani wako wangapi wanaotumia kushoto, wakafunga kopo nyuma badala ya mbele, wakamwagikiwa suruali mpaka mke akagoma kuifua? Nikakumbuka unavyowatangulia wakataji msituni, ukiizungushia rangi miti ya mbegu, na unavyofoka kwamba atakayegusa mti wenye nyekundu akatafute kazi kwingine. Mkanda ule ni wa kuuacha mti uishi. Kila kilichosimama katika picha ile kimesimama kwa sababu mtu yule amekipitia.

Niliomba radhi, nikayafuta yote niliyosema, nikaanza upya. Mpiga picha alicheka mpaka akavua miwani. Bi Kijani alinuna, kisha akaniuliza haya mapya nimeyajuaje. Nikamjibu kwamba mtu huyo tulilala kitanda kimoja tukiwa watoto.

Bila shaka umeshaelewa. Nilikwenda kwa katibu, tukatazama jina. Ni binti yako. Ndiye yule uliyemfukuza mezani siku aliposema mikono yako inaumaliza msitu, na ambaye hadi leo hupokei simu zake. Kwa kuwa ni mwanangu pia, siku hiyo hiyo nilijitoa kwenye uamuzi, wenzangu watajua wenyewe wampe nini. Mimi sijaona kazi nzuri kuliko ile, na najivunia mno kwamba imetoka kwetu. Ameiita "Baba Akiwa Kazini". Maonyesho yanafunguliwa Jumamosi asubuhi, naye atakuwa amesimama kando ya picha yake. Kaka, njoo. Usiniambie una magogo ya kupasua.

Nilimpigia kumpongeza. Hakuuliza habari za ushindi, aliuliza kama wewe umeiona. Akaniambia kwamba asubuhi iliyofuata ugomvi ule aliondoka kwako kwa hasira akakatisha msituni, akakuona kwa mbali na kopo lako, ukitoka mti huu kwenda ule. Alisimama kukutazama mpaka ukatokomea, asithubutu kukuita. Nami, ualimu hauniachi, nikamuuliza kwa nini mtu mkuu wa picha hana uso. Nilitegemea anijibu habari za mwanga na mpangilio. Akasema uso aliujaribu mara nyingi na kila mara akaufuta. Amekuchora kwa nyuma kwa sababu hajui, ukigeuka ukamkuta pale, utamtazama kwa uso gani.

Nisalimie shemeji na wote hapo kiwandani. Kitanda chako huku nimeshakitandika.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye.