Salamu Kutoka Mashine ya Lodwar

Kakuma, Jumanne

Joto lote hili, na bado nasikia baridi mgongoni.

Mchana tulikuwa tunajaribu dibaga, programu yetu ya kusaka makosa. Kabla ya kila jaribio, mashine huiuliza kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, ni toleo gani. Isipoelewa jibu, jaribio linarukwa. Leo mashine yetu iliyoko Lodwar iliruka yote. Nikaiuliza kompaila mwenyewe. Ikajibu kwa salamu ya Kiturkana: "Ejok. Ekai hapa." Namba ikafuata.

Ekai, mwenzetu wa kazi, tulimzika kwao Kalemng'orok kabla ya mvua.

Bahati, mwenzangu Mkongomani, akasukuma kiti nyuma. "Huyu si alikufa? Nani anaandika humo?"

"Hakuna mtu. Fundi ameondoa kompaila mpya, ikabaki hii ya zamani aliyoiunda Ekai. Salamu aliiweka yeye." Nilisema kama mtu asiyeogopa.

"Basi ifute, dada."

Sikuweza. Nilirekebisha ukaguzi wa toleo usome namba tu, majaribio yakaanza kwenda. Moja likaanguka: kosa la kweli, letu, ndani ya dibaga, ambalo kompaila mpya ilikuwa inalificha. Tungewapelekea watu dibaga hivyo hivyo, na kosa lake.

Nimeshika simu nimpigie mama yake Ekai. Lakini nimwambie nini? Kwamba leo mwanawe alikuja kazini?