Feni Inazunguka, Gari Linachemka

Jumamosi, Julai. Nyeri. Ukungu tangu asubuhi. Leo ni siku ya nne bila kuuona mlima.

Sijawahi kumwambia mtu jambo hili: kwa wiki mbili nimejua kinachochemsha gari la baba, na nimenyamaza.

Ninaliandika hapa kwa sababu hapa hakuna mtu. Blogu hii ina wasomaji wawili, na nadhani mmoja wao ni mimi nikitumia simu ya baba.

Kesho baada ya kanisa anakuja mtu kutoka Kutus kulinunua gari letu. Hataliendesha. Atalifungua vipande vipande na kuviuza, na kinachobaki kitaenda kwa watu wa vyuma chakavu.

Ni gari refu la kijani, la zamani, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Baba hulitumia kupeleka wapanda mlima hadi geti la hifadhi, kule ambako mvua ikinyesha magari ya kawaida hugeuka na kurudi. Na mara moja kwa mwezi lilikuwa linatupeleka kwa mama. Mama ni muuguzi katika zahanati iliyo mbele ya Doldol, mahali ambapo lami imeshaisha na barabara inakatiza ndani ya mto wa mchanga. Tulikuwa tunampelekea viazi, sukuma wiki, majani chai, na mimi.

Sijamwona tangu Pasaka. Simu yake hushika akipanda mwamba ulio nyuma ya zahanati, na huko juu upepo humeza nusu ya maneno yake. Wiki iliyopita niliongea naye dakika sita. Nilichosikia vizuri ni jina langu na neno "sweta".

"Gari likienda utakuwa unaongea na yeye kwa simu tu, Maitu," baba aliniambia juzi. Huniita Maitu, yaani mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Aliyasema hayo akiangalia sahani.

Sikujibu. Mimi huwa sijibu. Shuleni naweza kumaliza siku nzima bila kusema neno lingine isipokuwa "nipo" jina langu linapoitwa. Wenzangu wa kidato cha tatu wanadhani ninaringa. Siringi. Maneno yananijia yote, yanajipanga vizuri, halafu yakifika kooni yanakuta mlango umefungwa.

Shida ya gari ilianza mwezi wa tano, feni yake ya zamani ilipovunjika. Ile ilikuwa inazungushwa na mkanda wa injini. Baba alienda kwa Fundi Wachira, ambaye wamekuwa marafiki tangu shule ya msingi, na Fundi akaweka feni ya umeme aliyoitoa kwenye gari dogo lililogongwa. Magari ya hapa kwetu huishi hivyo, kwa viungo vya magari mengine. Waya za feni hiyo hazikufanana rangi na za gari letu. Fundi akaziunganisha tu, akaweka swichi chini ya usukani, akabonyeza. Feni ikazunguka. Watu wakapiga makofi.

Tangu siku hiyo, gari likikimbia kwenye barabara ya Karatina halina neno. Likianza kupanda polepole kuelekea getini, mshale wa joto nao unapanda. Baba anawasha feni. Mshale unapanda haraka zaidi. Mara ya mwisho maji yalichemka mbele ya wageni wanne, wakabeba mizigo yao wakamaliza safari kwa miguu. Waliokuwa wakimpa baba kazi hawajapiga simu tena.

Fundi ameosha rejeta, ile sehemu ya mbele inayopoza maji ya injini. Ametoa themostati, kile kidude kinachozuia maji yasizunguke hadi injini ipate joto. Mafundi wengi hapa huanzia hapo gari likichemka, na hawairudishi. Mwishowe amesema gasketi ya silinda, inayozuia maji yasiingie kwenye oili, imeungua na injini imekwisha. Baba anaamini. Nani asiyemwamini Wachira?

Lakini mimi niliona katoni.

Asubuhi za Julai baba huweka kipande cha katoni mbele ya rejeta ili injini isichelewe kupata joto. Wenye magari ya zamani huku wote hufanya hivyo. Mshale ukifika robo, anaitoa. Miaka yote katoni hiyo ilikuwa inang'ang'ania kwenye rejeta, kwa sababu feni iliyo nyuma yake ilikuwa inavuta hewa kuelekea injini. Baba alikuwa anaibandua kwa nguvu. Lakini wiki mbili zilizopita aliwasha feni ya Fundi kabla hajaitoa, na katoni ikaruka mbele, ikaanguka kwenye viatu vyangu.

"Upepo," baba alisema.

Hakukuwa na upepo. Moshi wa jikoni ulikuwa umesimama wima.

Feni ilikuwa inazunguka kinyume, kwa sababu Fundi aliziunganisha waya zake kinyume. Badala ya kuvuta hewa baridi kupitia rejeta, ilikuwa inaisukuma nje ile ya moto, ikipigana na upepo unaoingia. Ndiyo maana gari likienda kasi hakuna shida, kwani upepo wa mwendo unashinda. Likienda polepole feni inashinda, na injini inakosa hewa. Siku hiyo hiyo nilikitoa kitabu cha gari kwenye droo ya mbele, ambacho nimekisoma mara tatu pamoja na kurasa za redio ambayo hatuna, nikahakikisha. Nilikuwa sawa.

Jioni hiyo nilimfuata baba hadi gereji. Niseme ukweli, nilijaribu. Walikuwepo wanaume watano hivi, wamekaa kwenye viti vya magari vilivyong'olewa, wanakunywa chai.

"Fundi," nikasema, "labda ni feni."

"Ati feni?" Fundi Wachira alicheka, si kwa ubaya. "Feni si unaiona inazunguka, mami? Hata ukiweka kidole hapo itakitoa."

"Huyo ni mwalimu wa injini," mmoja wa wanywa chai akasema. "Wachira, toka, mpe hiyo ovaroli."

"Mpe na spana!"

"Wewe nisomee hizo vitabu zako upite mtihani," Fundi akasema. "Hii ya gari niachie mimi."

Nilitaka kusema "angalia inakozungukia". Ni hilo tu lililobaki. Nikamwangalia baba, naye alikuwa anacheka pamoja nao, kicheko kile cha mtu aliyechoka. Nikanyamaza. Nikanyamaza kesho yake pia, na keshokutwa, na kila siku ilifanya iliyofuata kuwa ngumu zaidi, kwa sababu sasa ningelazimika kueleza mbona nilikaa kimya.

Labda pia nilikuwa na hasira. Nilitaka mtu aniulize. Hakuna aliyeniuliza.

Leo baba ameenda mazishi Othaya na gari la jirani. Ufunguo uko kwenye msumari. Nilifungua boneti, nikachomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwa nyeusi, safi, haina rangi ya chai ya maziwa inayoonekana maji yakiingia ndani. Nikafungua rejeta injini ikiwa baridi, nikawasha, nikaangalia maji. Hakuna mapovu. Nyuma hakuna moshi mweupe. Gasketi iko sawa. Nikazima injini, nikabonyeza swichi ya feni peke yake, nikashika karatasi ya daftari mbele ya rejeta. Ilipaswa kunata. Ilinipiga usoni.

Wiki hii hakuna mtu aliyenigusa, nilifikiria, na sasa nimeguswa. Ni karatasi tu.

Ningeweza kubadilisha zile waya mbili na kufunga boneti. Lakini haitasaidia kitu. Gari litapona na kesho litaenda Kutus likiwa limepona, kwa sababu baba hatajua. Lazima mtu aseme. Na hapa nyumbani kuna mtu mmoja.

Saa kumi sasa. Nasikia gari la jirani likishuka.

*

Saa moja kasorobo. Nimerudi. Naandika yaliyotokea kama yalivyotokea.

Baba aliposhuka nilikuwa nimesimama kando ya gari, boneti iko juu. Akauliza kama nimeharibu kitu. Nilisema hapana. Halafu sauti ikapotea, kama nilivyojua itapotea, kwa hivyo nilimpa karatasi, nikamwonyesha kwa mkono aiweke wapi, nikaenda kubonyeza swichi. Karatasi ikaruka. Akaiokota, akairudisha. Ikaruka tena. Alifanya hivyo mara nne, akiwa bado na suti yake ya mazishi.

Nikachukua koleo, nikatoa waya nyekundu nikaiweka mahali pa nyeusi, na nyeusi mahali pa nyekundu. Nikabonyeza. Karatasi ikanata kwenye rejeta kama imebandikwa kwa gundi.

"Ũũi," baba alishangaa. Basi.

Alivua koti. Tukaingia, tukapanda kile kilima cha kiwanda cha kahawa kwa gia ya chini kabisa, mwendo wa mtu anayetembea na mzigo. Mshale ulifika nusu, feni ikawashwa, mshale ukakaa nusu. Tulifika juu. Akageuza, akashuka, akapanda tena. Nusu.

Huko juu alizima injini.

"Umejua lini?"

Nilimwambia. Wiki mbili. Nikamwambia na ya katoni, na ya gereji, na kwamba yeye pia alicheka. Sijui niliongea kwa muda gani. Sijawahi kuongea maneno mengi hivyo mfululizo tangu mama aende kazi.

Baba aliangalia usukani. Nilidhani atanikasirikia. Alisema, "Nilicheka kweli," halafu akafuta kioo cha mbele kwa mkono wa shati, ingawa kilikuwa safi.

Kisha akampigia yule mtu wa Kutus. "Usikuje kesho," alisema. "Hapana, si bei. Gari haiko tena." Akasikiliza. "Iko, lakini haiuzwi. Pole, mzee."

Akaniambia kesho baada ya kanisa nitakaa kiti cha mbele, kazi yangu ni kuangalia mshale hadi kwa mama, na nikiona kitu nisiseme polepole, nipige kelele.

Nilikuwa nimezisokota zile waya kwa vidole tu. Nilishuka, nikafungua boneti, nikazifunga kwa tepu nyeusi, mizunguko sita kila moja. Nikarudi ndani, nikafunga mshipi, tukateremka nyumbani.